Asumbi, Ambako Punda Jike Huamua Mwendo

Barabara inayotoka Rongo kwenda Homa Bay hupanda na kushuka katikati ya mashamba ya miwa, mahindi, njugu na viazi vitamu. Ukimaliza kilima kimoja unaona kingine mbele yako, na kati yake mabonde ya udongo mweusi unaonata viatuni mvua ikinyesha. Asumbi iko katika ukanda huo, upande wa Rangwe katika Kaunti ya Homa Bay, karibu na mpaka wa Kaunti ya Migori. Wakenya wengi wanaijua kwa elimu na dini: misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa na wamisionari wa Mill Hill mwanzoni mwa karne ya 20, shule ya wasichana ambayo wahitimu wake wametapakaa nchi nzima, chuo cha ualimu, na shirika la Masista Wafransisko wa Mtakatifu Yosefu. Asubuhi kengele ikilia, njia zote hujaa sare za shule.

Njia hizohizo zina wasafiri wengine, na ndio walionipeleka huko. Ni punda, hasa majike. Nimelelewa Lamu, kisiwa ambacho mtoto hujifunza kumpisha punda kichochoroni kabla hajajifunza kusoma, na nilitaka kuona mnyama yuleyule anavyoishi mbali na bahari, miongoni mwa Wajaluo wa kando ya Ziwa Victoria.

Asubuhi moja, umande ukiwa bado juu ya majani ya viazi, punda wanne walipanda kutoka mtoni. Kila mmoja alibeba mitungi minne ya plastiki ya lita 20, miwili kila ubavu, yaani kilo 80 za maji. Hakuna aliyewashika kamba. Wanawake wawili na mvulana mmoja walifuata nyuma kwa mbali, mazungumzo yamewakolea. Kwenye njia panda punda wawili walikata kulia, mmoja kushoto, na wa nne akasimama, akageuza shingo, akangoja.

“Oyawore,” niliwasalimu. “Oyawore ahinya,” wakaitikia, na mama mwenye kitambaa cha manjano kichwani akanionyesha yule aliyesimama. “Huyo ni wangu. Wenzake hawangoji mtu, wanakwenda zao. Yeye hapiti hapa bila mimi, kwa sababu mbwa wa jirani walimkimbiza hapo siku moja. Hajasahau.”

Mama huyo ni mjane, na maji ndiyo biashara yake. Huuzia hoteli ndogo za kituoni na nyumba zisizo na tangi. Ana majike wawili. Mkubwa alinunuliwa upande wa Transmara, kwa Wamaasai, na kwa hiyo anaitwa Nyar Maasai. Kwa Wajaluo, mwanamke aliyeolewa huitwa kwa jina la alikotoka: Nyar Alego, Nyar Gem, Nyar Asembo. Punda huyu naye alikuja kutoka mbali akaingia katika boma na kuanza kulifanyia kazi, wakampa jina kwa desturi ileile. Mdogo ni binti yake, amezaliwa hapo nyumbani, na watoto wanamwita Atoti, jina ambalo vijana humpa msichana mrembo.

Ni mama na binti, wanalala banda moja na kula majani ya shamba moja, lakini tabia zao hazifanani hata kidogo.

Nyar Maasai hataki kutanguliwa. Punda mwingine akijaribu kumpita njiani, hulaza masikio na kuongeza hatua. Hukubali kupakiwa mzigo kutoka upande wa kushoto tu. Ukija na mtungi upande wa kulia anasogea, taratibu, mpaka umezunguka. Mtoni hanywi maji yaliyovurugwa na ng'ombe. Hutembea kandokando akinusa hadi apate mahali panapotiririka safi, ndipo anywe. Akishamaliza safari ya tatu, humwoni akielekea mtoni tena. Anakwenda moja kwa moja penye vumbi chini ya mwembe, anapiga magoti, anagaagaa ubavu mmoja kisha wa pili, anainuka, anajikung'uta. Mwenyewe ameacha kubishana naye. “Safari ni tatu. Amepanga yeye, na mimi nimeona amepanga vizuri, kwa sababu zamani nikimlazimisha ya nne alikuwa akichechemea kesho yake.”

Atoti ni mdadisi. Anafungua komeo la jiko kwa midomo. Anawafuata watoto hadi kwenye lango la shule na kurudi peke yake. Anapenda maganda ya viazi vitamu kuliko kitu chochote duniani, na anaogopa miavuli.

Siku hiyo mvua ilikuwa imechimba mtaro njiani na watu wakatandika mbao juu yake. Nyar Maasai alizinusa, akapita. Atoti alifika akakita kwato. Mvulana, mjukuu wa mama, akaokota fimbo. “Wacha,” bibi yake alimwambia. “Mwache aangalie.” Atoti aliinamisha kichwa hadi pua ikagusa ubao. Akapuliza. Akaangalia kushoto, kulia, akaangalia kwato za mama yake zilizokwisha kuvuka. Kisha akavuka, bila kuguswa. Muda wote huo haukuzidi ule wa kunywa kikombe cha chai, na mitungi yote minane ilifika nyumbani mizima.

Watu wengi wangemwita mkaidi. Waswahili tuna methali mbili zinazomhukumu punda: moja inasema shukrani yake ni mateke, nyingine inasema afe lakini mzigo ufike. Ya kwanza inamnyima moyo na ya pili inamnyima uhai. Alichokuwa akikifanya Atoti juu ya ule mtaro kina asili ya mbali, na wanaomchunguza mnyama huyu wanaieleza vizuri.

Farasi ni mnyama wa nyika pana yenye majani mengi. Hatari ikija, hukimbia kwanza na kuuliza baadaye, tena hukimbia na kundi lake. Punda ametokana na punda mwitu wa Afrika, anayeishi kwenye majangwa yenye mawe ya Eritrea, Ethiopia na Somalia. Huko kukimbia ovyo ni kuvunjika mguu. Kwa hiyo akishtuka husimama, hutazama na kupima, ndipo achague kukimbia, kupigana au kuendelea. Anayempiga fimbo wakati huo humwongezea sababu ya kuogopa.

Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa vinasaba vya zaidi ya punda 200 kutoka nchi nyingi. Watafiti walihitimisha kwamba punda wote wa dunia wana chanzo kimoja: walifugwa mara moja tu, miaka ipatayo 7,000 iliyopita, hapa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika. Punda wa Hispania, wa China na wa Mexico wote wametoka kwetu.

Katika ukame wa majangwa hayo ya punda mwitu ndimo ulimojengeka uhuru wa majike. Farasi jike wa mwituni huishi miaka mingi katika familia moja yenye majike kadhaa na dume. Punda mwitu jike hana familia ya namna hiyo. Malisho na maji yako mbalimbali, na mwenye mtoto anyonyaye anahitaji maji zaidi ya asiye na mtoto, kwa hiyo kila jike hufuata haja yake. Leo anatembea na wenzake watatu, kesho peke yake na mwanawe. Dume hulinda eneo, na jike huingia na kutoka apendavyo. Hapa Kenya tunaweza kuyaona maisha hayo kwa pundamilia wa Grevy kule Samburu, Laikipia na Marsabit, ambao huishi kwa utaratibu huohuo. Kifungo kilicho imara kuliko vyote ni kati ya mama na mtoto. Nyar Maasai anapochagua maji yake, anapochagua idadi ya safari zake, anafanya kile ambacho mabibi zake walikifanya kabla binadamu hajawatia kamba.

Nilijiuliza pia kwa nini Asumbi kuna punda lakini hakuna farasi, na jibu nililipata upande wa magharibi, katika Bonde la Lambwe. Hifadhi ya Taifa ya Ruma iko huko, na ndiyo makao ya mwisho ya korongo, yule swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe, katika Kenya nzima. Nyasi ni ndefu, vilima vya Kanyamwa vinasimama upande mmoja na twiga wanavuka barabara bila haraka. Kati ya miti utaona vitambaa vya buluu na vyeusi vimetundikwa. Ni mitego ya mbung'o. Kwa miaka mingi bonde hili lilisifika kwa mbung'o na kwa magonjwa wanayoyaeneza, malale kwa watu na nagana kwa mifugo. Farasi akiumwa na mbung'o mwenye vimelea ni nadra kupona bila dawa. Zaidi ya hapo kuna ugonjwa wa virusi, uitwao ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huua farasi wengi unaowapata ilhali punda huupitia mara nyingi bila dalili kubwa. Punda naye huugua nagana, hukonda na kupoteza mimba, lakini hustahimili zaidi. Ndiyo maana ukanda huu wa ziwa haukupata kuwa nchi ya farasi.

Saa saba mchana nilikaribishwa chakula kwa mama mjane. Tulinawa kwa maji ya vuguvugu, kisha ikaja samaki wa ngege mzima aliyechemshwa na nyanya na vitunguu, mboga ya osuga iliyopikwa na maziwa hadi uchungu wake ukatulia, na kuon, yaani ugali, ya unga wa mtama uliochanganywa na mahindi, nzito, ya kahawia, yenye joto la kuunguza vidole. Kwetu Lamu samaki hakosi nazi na ndimu. Hapa samaki huachwa awe samaki, na mchuzi wake mwepesi una ladha ya ziwa lenyewe. Tulipokuwa katikati ya kula, kichwa cha Atoti kiliingia mlangoni, masikio mbele. Mjukuu akampelekea maganda. “Akisikia sufuria zinagongana anajua saa,” bibi alisema.

Nilimuuliza kwa nini alinunua punda badala ya ng'ombe. Alinijibu huku akimung'unya mfupa wa samaki.

“Ng'ombe ana wenyewe wengi. Ng'ombe ni wa mahari, ni wa mume, ni wa ukoo. Mume akifa, wanakuja kuhesabu. Punda halipwi mahari na haliwi nyama. Nilimnunua kwa pesa ya njugu zangu, na hakuna mjomba aliyekuja kuniuliza.”

Jibu hilo nililisikia tena, kwa maneno mengine, kwa wanawake kadhaa kati ya Asumbi na Rangwe. Katika boma la Kijaluo mali yenye heshima ni ng'ombe, na heshima hiyo imewekwa mikononi mwa wanaume. Punda aliingia baadaye kutoka kwa majirani, hakupewa nafasi katika mila, na kwa sababu hiyo akaangukia mikononi mwa wanawake. Wanawake nao hupendelea majike. Dume ana nguvu, lakini akimsikia jike kijiji cha pili huweza kutupa mzigo na kwenda. Jike akizoea nyumba hukaa, na kila baada ya muda huacha mwana.

Lamu mambo ni tofauti. Mji wetu wa kale, ambao UNESCO iliuorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, una vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita, na punda ndiye lori letu. Hubeba mawe ya matumbawe, mchanga, saruji na boriti. Kazi hiyo ni ya wanaume na vijana, na ni vijana hao wanaompanda bila matandiko katika mashindano ya Maulidi na ya tamasha la utamaduni, wakichapuza mwambao mzima mbele ya umati unaoshangilia. Jioni punda huachiwa wazunguke mjini wenyewe, nasi tunajua ni jike gani hulala mbele ya baraza gani. Tangu mwaka 1987 tuna pia kituo cha matibabu karibu na bahari, kilichoanzishwa na shirika la Mwingereza Elisabeth Svendsen, ambako punda hutibiwa bure.

Asumbi haina hospitali ya punda wala mashindano. Ina kitu ambacho kwetu nimekiona mara chache: watu wanaozungumza na punda wao kwa sauti ya chini. Lamu tunapiga kelele ili punda apishwe. Huku mwanamke huenda nyuma ya jike wake kwa maneno machache ya kumtuliza, naye punda huzungusha sikio moja nyuma kumsikiliza. Tofauti hiyo huonekana migongoni. Niliona vidonda vya kamba za nailoni, ndiyo, na mgongo mmoja uliochubuka vibaya chini ya gunia bovu. Lakini wengi wa majike wanaofanya kazi na wamiliki wao wenyewe, si na vibarua, walikuwa na manyoya mazima.

Katika soko la Rodi Kopany nilikutana na mzee mwenye majike wawili wa rangi ya majivu, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Alikuwa ameleta magunia ya viazi. Mnunuzi alimtaka yule mrefu na kutaja bei nzuri. Mzee akakataa katakata. “Ukimchukua huyu, huyu mwingine hatakula. Nimeshajaribu kuwatenga. Alilia usiku kucha, kijiji kizima hakikulala.” Akaongeza kwamba hao si ndugu. Walikutana tu wakiwa wakubwa, wakapatana.

Nilisimama nikawatazama. Wakishapumzishwa, walijipanga kichwa cha mmoja kwenye mkia wa mwenzake, kila mkia ukimfukuzia mwingine nzi usoni. Baadaye walisogea, shingo juu ya shingo, wakaanza kukunana kwa meno juu ya mabega, mahali ambapo punda hawezi kujifikia mwenyewe. Mrefu akiacha, mfupi anaacha.

Madaktari wa mifugo wanaujua urafiki huo na wanauchukulia kwa uzito. Punda aliyefiwa na mwenzake huweza kuacha kula, na punda asiyekula hupata hatari kubwa upesi: mafuta ya mwili hufunguka kwa wingi na kujaa katika damu, ini hushindwa, na mnyama hufa. Ndiyo maana wanashauri aliyebaki aachwe akae karibu na maiti ya mwenzake, amnuse, mpaka atakapoondoka mwenyewe. Kwa farasi pia uhusiano wa majike una matunda yanayopimika. Mwaka 2009 watafiti waliowafuatilia farasi wa mwituni wa Kaimanawa, New Zealand, walionyesha kwamba majike wenye marafiki wa karibu, hata wasio wa ukoo wao, walipata wana wengi zaidi na kusumbuliwa kidogo na madume. Mzee wa Rodi hakuhitaji kusoma utafiti huo. Aliondoka sokoni na punda wake wawili na bila pesa ya mnunuzi.

Kutoka huko nilikata kwenda Migori, kwenye mashamba ya miwa ya Awendo na baadaye kwenye vilima vikavu vya magharibi, penye kuta za Thimlich Ohinga. Ni maboma ya mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, baadhi yakizidi urefu wa mita nne, yaliyojengwa takriban karne ya 16 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Ndani ya kuta kuna nyua za mifugo. Watu wa hapa walitumia nguvu nyingi kiasi hicho kuwazuia maadui na wanyama wakali wasiwafikie ng'ombe wao. Nje ya ukuta, siku niliyofika, jike mmoja mwenye mimba kubwa alikuwa amesimama kivulini mwa mti wa euforbia, bila kamba.

Msichana aliyemchunga, mwanafunzi wa sekondari aliye likizo, alinieleza mambo kwa ujuzi ulionifurahisha. Jike akitaka dume, alisema, hunyoosha shingo, hulaza masikio na kufungua na kufunga mdomo kwa haraka mpaka unasikia meno. Mimba huchukua karibu mwaka mzima, mara nyingine zaidi. Akikaribia kuzaa hujitenga, na mara nyingi huzaa usiku, wakati kijiji kimelala. “Ukimkalia kumwangalia anajizuia. Anangoja uende. Asubuhi unakuta wako wawili.” Kwa wiki kadhaa baada ya hapo, mbwa yeyote atakayesogea atajuta. Msichana huyo alikuwa amempumzisha kazi jike wake, na maji aliyabeba mwenyewe kichwani, mtungi mmoja mmoja.

Si majike wote wanapata mapumziko hayo. Wengi hubeba mzigo hadi siku ya kuzaa, na wengine hurudishwa kazini wiki hiyohiyo. Punda hufanya jambo moja linalowaponza: huficha maumivu. Ng'ombe akiumwa huonekana. Punda akiumwa husimama tu, kimya kidogo kuliko kawaida, masikio yameshuka kidogo, na asiyemjua humpakia.

Jioni, kila boma nililofika, mazungumzo yaliishia kwenye wizi. Mwaka 2016 machinjio makubwa ya punda yalianza kufunguliwa nchini, na baadaye yakawa manne: Mogotio, Naivasha, Machakos na Turkana. Soko lake lilikuwa China, ambako ngozi huchemshwa kutoa gundi ya kutengenezea dawa ya kienyeji iitwayo ejiao. Kwa mujibu wa Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo la Kenya, KALRO, punda zaidi ya laki tatu walichinjwa kati ya 2016 na 2018, sawa na asilimia 15 hivi ya wote waliokuwepo. Mnyama anayezaa mwana mmoja baada ya mwaka wa mimba, na ambaye mwanawe hafai kazi mpaka afikie miaka mitatu au zaidi, hawezi kufidia pengo hilo. Sensa ya 2009 ilihesabu punda karibu milioni 1.8, ya 2019 ilihesabu karibu milioni 1.2.

Nyuma ya takwimu hizo kuna asubuhi ambazo wanawake walitoka na kukuta kamba zimekatwa. Mama mmoja karibu na Rongo alimpoteza jike aliyemlea kwa miaka mingi. Alipata kichwa na kwato kichakani. “Nilirudi kubeba maji kwa kichwa,” alisema, “na binti yangu akaanza kuchelewa shule.” Serikali ilipiga marufuku uchinjaji mwaka 2020, mahakama ikaitengua marufuku hiyo mwaka 2021, na mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, walikubaliana kuizuia biashara ya ngozi za punda barani kote kwa miaka 15.

Bodaboda nao wamebadili mambo. Vijana hufunga mitungi minane kwenye pikipiki na kufika kituoni kabla Nyar Maasai hajamaliza safari ya kwanza. Katika msimu wa kiangazi wamemnyang'anya wateja. Mvua zikianza mwezi Machi na udongo mweusi ukawa utelezi, wateja hurudi. Nilimuuliza mama mjane kama ameshafikiria kumuuza punda akanunua pikipiki. Alitikisa kichwa. “Pikipiki inakunywa petroli kila siku na haizai. Huyu anakula majani, na ameshanipa Atoti.”

Kwa hiyo nina neno kwa serikali za kaunti za Homa Bay na Migori, na kwa ndugu zangu wa Lamu pia. Maofisa wa mifugo wanaozunguka kuchanja ng'ombe wawaangalie na punda siku hiyohiyo, kwato, meno na migongo. Kila kisima kinachochimbwa kwa fedha za umma kiwe na hori la maji safi na kivuli. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpiga na kumpakia mnyama kupita kiasi, na polisi wa vituo vya sokoni waitumie. Jike mwenye mimba apumzishwe miezi yake ya mwisho, na anyonyeshe bila mzigo. Kamba ya nailoni ibadilishwe kwa mkanda mpana wa kitambaa. Na akisimama njiani, mwenyewe aweke fimbo chini, aangalie kile punda anachokiangalia. Makubaliano ya Addis Ababa yanafika kikomo mwaka 2039. Mwanapunda atakayezaliwa Asumbi mwaka huu, akitunzwa vizuri, atakuwa bado anapanda kutoka mtoni na mitungi minne siku hiyo ikifika.